Matairi ya mkonga: shajara ya lami, mchanga na tope

Juni, wiki ya kwanza

Salfa, dawa ya mikorosho, imeanza kwenda mashambani, na kuanzia sasa mpaka korosho ya mwisho ipimwe gari letu halitapumzika. Ni Land Cruiser ya pikapu, HZJ79, sisi tunaiita mkonga. Mradi wenyewe ni kubadilisha matairi yote matano, spea ikiwemo, kabla minada ya korosho haijaanza Oktoba. Nauandikia shajara kwa sababu huku Kusini magari ya namna hii ni mengi, yanabeba riziki za watu wengi, na bado matairi yake tunayanunua kwa mazoea. Unafika dukani, unasema "nipe la mkonga", unapewa lililopo.

Naanza na njia, kwa kuwa njia ndizo zitakazoamua. Mtwara mjini hadi Mnivata ni lami, kama kilomita 50. Kutoka Mnivata kwenda Tandahimba na Newala ujenzi unaendelea, hivyo unapita kipande cha lami mpya, halafu kifusi, halafu mchepuko wa mchanga laini uliokanyagwa na malori mpaka ukawa unga. Ukitoka Newala kuelekea Masasi unashuka ukingo wa uwanda wa Makonde, kona kwa kona, na changarawe inayoteleza chini ya gurudumu hata wakati wa kiangazi. Masasi kurudi Mtwara kwa Mingoyo ni lami tupu. Mara mojamoja tunakwenda Nachingwea na kusonga mbele hadi Liwale, na huko kuna mabonde ya udongo mweusi ambayo mvua ikinyesha yanageuka kitu kingine kabisa. Na kuna Msimbati, tunakofuata samaki, mchanga mtupu.

Nimepitia daftari la safari la mwaka uliopita. Zaidi ya nusu ya kilomita zetu ni lami. Ukituuliza sisi wenyewe tutakuambia gari linaishi porini, lakini daftari linasema vingine, na nitalifuata daftari.

Juni, wiki ya pili

Nimesugua mbavu za matairi kwa brashi na maji ya sabuni nisome maandishi yote. Mbele imeandikwa 7.50R16. Nyuma imeandikwa 7.50-16. Mtu anayepita haraka ataona ni saizi moja, na wengi huyauza hivyo, lakini hiyo R na hicho kistari ni matairi mawili tofauti kwa ujenzi. Lenye R ni radio (radial): nyuzi za ndani zinakwenda moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na juu yake, chini ya kashata (yale mabonge ya mpira yanayokanyaga ardhi), kuna mikanda ya waya. Lenye kistari ni la nailoni, nyuzi zimepishana mshazari tabaka juu ya tabaka. La nailoni lina ubavu mgumu unaostahimili visiki, ndiyo maana wazee wa malori wanalipenda. Ila kwenye lami, kwa mwendo wa kilomita 90 kwa saa na jua la hapa, linachemka zaidi, na usukani unatangatanga.

Kuyachanganya mbele hivi na nyuma vile tulirithi kwa mwenye gari wa kwanza. Gari letu foo wili yake ni ya kuingiza inapohitajika. Ukishafunga habu na kuvuta ile gia, transfa inaunganisha ekseli ya mbele na ya nyuma zizunguke sawasawa. Kama matairi ya mbele na ya nyuma hayana kimo kimoja, ekseli moja inataka kwenda mbali kuliko mwenzake, na zinavutana. Kwenye mchanga gurudumu linateleza kidogo, mvutano unaisha. Kwenye ardhi ngumu hauna pa kuishia isipokuwa kwenye meno ya gia. Kwa hiyo sharti la kwanza la mradi: matano yanayofanana, saizi moja, aina moja.

Tarehe nayo. Ubavuni kuna herufi DOT, na mwishoni mwake tarakimu nne ndani ya kiduara cha yai. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Spea yetu inasomeka 2313: wiki ya 23, mwaka 2013. Kashata zake bado zimesimama vizuri, anayeitazama kwa mbali ataipenda. Nimeikunja kwa kidole gumba kwenye ubavu, mipasuko midogo ikafunguka kila mahali. Mpira huzeeka hata ukilala. Watengenezaji wengi wanashauri tairi likaguliwe na fundi kila mwaka likipita miaka 5, na likifika 10 litolewe hata kama halijalika.

Juni, mwisho wa mwezi

Siku ya mzani. Kuna ghala la korosho lenye mzani wa malori, na msimamizi, mama mmoja mwenye subira kubwa, akaturuhusu kupima baada ya malori kuondoka. Nilipomweleza ninachotaka akasema, "Mwanangu, hata korosho hatuzipimi kwa macho, sembuse gari."

Tulipakia viroba 40 vya salfa, kilo 25 kila kimoja, yaani tani moja kamili. Kwanza gari zima juu ya mzani, halafu tukasogea mbele mpaka yabaki matairi ya nyuma peke yake. Ekseli ya nyuma ilisoma karibu kilo 2,000. Kila tairi la nyuma, basi, linabeba karibu kilo 1,000 gari likiwa limesimama. Likidumbukia shimoni uzito unaopigwa ni zaidi ya huo.

Wengine wote wataanzia kwenye kashata, wakubishanie kuhusu matope na mchanga. Mimi nimeanzia hapa, na sijuti saa niliyoipoteza.

Julai, wiki ya kwanza

Mahesabu ya saizi. Nimeyaandika yote kwa sababu kila ninayekutana naye ana jibu lake na hakuna mwenye karatasi.

Saizi ya kisasa husomwa hivi. 265/70R16: upana milimita 265, kimo cha ubavu ni asilimia 70 ya upana huo, rimu ni ya inchi 16. Asilimia 70 ya 265 ni 185.5. Ubavu uko juu na chini, kwa hiyo mara mbili, 371. Inchi 16 ni milimita 406.4. Jumla 777. Sasa 235/85R16: asilimia 85 ya 235 ni karibu 200, mara mbili 400, ukiongeza rimu unapata 806. Na 7.50R16 ya zamani, ambayo haina asilimia iliyoandikwa, inasimama hukohuko kwenye mia nane na kidogo.

Maana yake kwa gari letu: 265/70 ni pana kuliko 235/85 kwa sentimita 3 lakini fupi kwa milimita 28. Nusu ya hiyo, milimita 14, ndicho kiasi ambacho diferensha, lile bakuli la gia katikati ya ekseli, itashuka kuikaribia ardhi, na kwenye mchepuko wenye mfereji wa malori milimita 14 unaisikia kwenye bakuli la diferensha. Pia mita ya mwendo itadanganya, ikisoma 100 gari liko kwenye 96 au 97. 235/85 inaacha kila kitu kilipokuwa.

Mjomba wangu wa Newala, aliyeendesha malori ya korosho tangu ujana wake, hakukubali. Tulizungumza kwa simu, akaanza yeye.

"Mjomba, mchanga unataka tairi pana. Jembamba linazama."

"Shikamoo mjomba. Nimesikia. Lakini pana tunayoiona ndiyo inayofanya kazi, au upepo uliopunguzwa?"

"Marahaba. Vyote viwili. Wewe nunua pana, upepo utaupunguza vilevile."

Ana hoja, na sikutaka kuipuuza. Jibu langu liko kwenye uzito. 265/70R16 nyingi zinazouzwa hapa ni za magari ya familia, zenye alama 112. Alama hiyo ya uzito ni kilo 1,120 kwa tairi. Sisi tayari tuna kilo 1,000 tukiwa tumesimama. 235/85R16 huja na alama 120/116: 120 ni kilo 1,400. Zipo 265/70 za daraja la mzigo, zenye herufi LT mbele, lakini ukizitafuta mikoa hii utapewa ahadi nyingi kuliko matairi.

Kuhusu wembamba na matope, kuna imani mbili na zote ni kweli kwa mahali pake. Tope lenye sakafu ngumu chini, kama barabara ya changarawe iliyoloana, jembamba hulikata likafika chini na kushika. Tope lisilo na sakafu, mfinyanzi mweusi wa mabondeni, jembamba linaendelea kuzama. Sisi tuna sana la kwanza, na la pili wiki chache kwa mwaka.

Julai, wiki ya tatu

Rimu. Hapa mradi ulipanuka kuliko nilivyopanga.

Rimu zetu ni zile za ringi (duara la chuma linaloshika ukingo wa tairi), za vipande, zenye tyubu ndani, na zimegongwa 5.50F, yaani upana wa inchi tano na nusu. 235/85R16 inataka rimu kuanzia inchi 6 hadi 7 na nusu. Kwa hiyo matairi mapya hayakai kwenye rimu za zamani. Mafundi wawili waliniambia yatakaa tu. Yataingia, ndiyo. Lakini mabega yatabanwa, katikati ya tairi patavimba na kulika peke yake, na ukingo hautatulia unavyotakiwa gari likilalia kona za kushuka Newala na tani moja nyuma.

Rimu za ringi zina sifa yao: kijana mwenye nyundo na paleti mbili anaweza kuziba pancha popote, Liwale au Msimbati, bila mashine. Nazithamini kwa hilo. Lakini nataka kila anayesoma hapa azingatie ringi yenyewe. Wakati wa kujaza upepo ringi isipokaa kwenye mfereji wake, au ikiwa imeliwa na kutu, inaruka kwa nguvu ya kuua. Gari linalokwenda baharini kuchukua samaki, kama letu, kutu ni ya uhakika. Upepo utolewe wote kabla ya kugusa ringi, mfereji usafishwe kwa brashi ya waya, na kujaza kufanyike gurudumu likiwa limefungwa mnyororo au limefunikwa chini ya gari, fundi akiwa amekaa pembeni na mpira mrefu. Nimeona vijana wanajaza huku wamekalia gurudumu. Wakubwa zao wapo hapohapo na hawasemi kitu. Tafadhalini, semeni.

Tunaenda kwenye rimu za chuma za kipande kimoja, 16 kwa 7, zisizo na tyubu. Kuna aliyenipa rimu za Prado kwa bei nzuri. Za Prado zina nati sita, duara lake milimita 139.7. HZJ79 ina nati tano, duara milimita 150. Haziingiliani kwa namna yoyote, na sitaki kusikia habari za kutoboa matundu mapya.

Agosti, mwanzo

Kashata. Sasa zamu yake imefika.

Kuna aina tatu dukani. HT ni za lami, mifereji myembamba, zinakwenda kimya na zinadumu. MT ni za tope, mabonge makubwa yaliyoachana, zinajisafisha zenyewe zikizunguka. AT zimekaa katikati. Vijana wengi wa hapa wanataka MT kwa sababu gari linapendeza, na kwa kweli linapendeza. Nimekaa nayo siku kadhaa kichwani kabla ya kuikataa.

Sababu zangu ni tatu, na ya kwanza ni breki. Lami ya kutoka Mingoyo hadi Masasi ikipata mvua ya kwanza baada ya miezi ya vumbi inakuwa na utelezi, na mabonge ya MT yanaacha mpira mchache ukigusa lami. Kusimama kunachukua nafasi ndefu zaidi, na vijijini kule barabara ni ya watoto wa shule, baiskeli na mbuzi. Ya pili ni mchanga wenyewe: bonge kubwa linachimba. Unapotaka kuelea, linakuchimbia shimo. Ya tatu ni kulika, kwa kuwa nusu ya njia yetu ni lami ya moto.

HT niliiondoa haraka zaidi. Ubavu wake kwa kawaida ni mwepesi, na visiki vya mikorosho iliyokatwa havina huruma.

Basi AT, ya daraja la LT, yenye ubavu wa tabaka nene. Tunazotafuta ni BFGoodrich All-Terrain au Yokohama Geolandar A/T, zote zimetengenezwa kwa 235/85R16. Tutachukua zile zenye tarehe ya karibu zaidi. Baadhi ya AT zina alama ya mlima wa vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Ni uthibitisho kwamba zimepita kipimo cha theluji. Hapa Mtwara isiwe sababu ya kuongeza hata shilingi moja.

Agosti, katikati

Duka la kwanza: matairi mapya kabisa, karatasi zake bado zimebandikwa, lakini DOT inasema yana miaka sita. Nilipomwonyesha muuzaji alisema hayajawahi kukanyaga barabara. Ni kweli, ila yalipangwa upenuni, jua la mchana linayapiga. Tuliagana vizuri.

Duka la pili halikuwa na saizi. Tukaagiza Dar es Salaam. Zikapatikana Geolandar tano, zote za wiki moja ya utengenezaji, chini ya mwaka mmoja. Zilikuja kwa basi.

Hapa kuna la kusema kuhusu spea. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara ya Lindi na Dar es Salaam maeneo ya Somanga, kitu kidogo kama tairi la saizi isiyo ya kawaida hakikuwa na njia ya kufika huku. Ndiyo maana nilisisitiza la tano liwe jipya na linalofanana na mengine, lisiwe la mtumba la kushikizia. Saizi yetu si ngeni sana, maana Land Rover Defender 110 nazo zinavaa 7.50R16 au 235/85R16, na Defender huku bado zipo. Lakini dharura haichagui siku.

Agosti, mwisho

Yamefungwa. Balansi kwa mashine, alaimenti, vali mpya za chuma. Nati zimekazwa kwa msalaba, tukazikaza tena baada ya safari ya kwanza, kwa sababu rimu mpya ya chuma hukaa sawa baada ya kutembea, na rangi yake mpya hubanwa.

Kwenye lami tofauti niliisikia kabla hatujafika Mnivata. Usukani umetulia. Nilishusha mkono mmoja, gari likaendelea kunyooka.

Septemba: upepo

Hii ndiyo sehemu niliyotaka kufika tangu mwanzo. Tairi ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni upepo uliomo ndani, na huku tunajaza "wa kawaida" tukiamini upo.

Kwanza mzigo. Ile alama 120, kilo 1,400, ni ya tairi lililojazwa upepo wa PSI 80 (PSI ndicho kipimo cha upepo), na imeandikwa ubavuni, herufi ndogo. Ukilijaza 50, uwezo wa saizi hii unashuka hadi kilo 1,000 tu. Kwa hiyo kilo 1,000 za mzani wetu zikikaa juu ya PSI 50, hatuna akiba hata ya shimo moja. Tumekubaliana: na tani moja nyuma, matairi ya nyuma PSI 60, ya mbele 40. Bila mzigo, 36 pande zote, gari lisirukeruke. Fundi pancha wetu alishtuka aliposikia 60. Nilimwonyesha maandishi ya ubavuni, akayasoma kwa sauti, akasema, "Kaka, mimi najaza thelathini na tano kila gari tangu nianze kazi." Sasa anauliza mzigo kwanza.

Pili mchanga. Mchepuko mmoja mbele ya Mnivata, gari tupu, tulijaribu kwanza na 36. Tulisogea tukiwa kwenye gia nzito, injini inalia, kisha gari likakaa. Tukashusha hadi 25, likatoka lenyewe kwa kurudi nyuma. Tukashusha hadi 18, likapita palepale bila kupandisha injini. Nilishuka kuangalia alama. Kwa 36 gurudumu lilikanyaga kama mtu anayetembea kwa kisigino. Kwa 18 alama ilikuwa ndefu, imelala, karibu haijachimba. Na urefu ndio ulioongezeka kuliko upana. Hapo ndipo tairi jembamba refu linapojitetea: duara lake kubwa linatoa alama ndefu, na kifua kinachosukuma mchanga mbele ni kidogo.

Nilimpigia mjomba nikiwa palepale. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi lilete Newala nilione." Ndiyo namna yake ya kukubali.

Msimbati tulipita njia ya kuelekea Ruvula kwa 18, hatukushuka chini ya hapo. Ukishuka chini ya 15 au hapo, na ukikata kona kwa nguvu, tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu. Mwendo nao usizidi kilomita 40 kwa saa, kwa sababu ubavu unaokunjwa unatoa joto. Na ukifika lami, simama, jaza. Kwa hilo tumenunua pampu ya kubana kwenye betri na geji ya mshale. Pampu ndogo sana inachukua muda mrefu na inachemka. Chukua yenye mota mbili kama mfuko unaruhusu.

Nina kipimo kimoja ninachokiamini. Pima asubuhi tairi likiwa la baridi, halafu pima tena baada ya saa moja ya barabara. Likipanda kama PSI 4 au 5, upepo ulikuwa sawa. Likipanda zaidi ya hapo sana, lilianza na upepo mdogo, limejikunja na kuchemka. Dawa ni kuongeza, si kupunguza. Kupunguza upepo wa tairi la moto kando ya barabara ni tabia iliyoenea huku, na inazidisha lile tatizo lenyewe.

Oktoba na Novemba

Minada. Korosho za chama cha msingi kwenda ghalani, Tandahimba na Newala, kila mara na mzigo kamili. Nyuma 60, mbele 40. Kwenye mchanga na mzigo tunashusha hadi 30 nyuma na 25 mbele kwa mwendo wa polepole, kisha tunajaza. Inachosha. Dereva wetu alilalamika mwanzoni, halafu akakwamuliwa mwenzake aliyegoma kushusha upepo, kazi ya nusu siku kwa majembe, na tangu hapo pampu anaishusha kabla sijasema.

Pancha: msumari mmoja, ghalani. Tairi lisilo na tyubu lilitoa upepo polepole, tukafika mjini bila kubadilisha. Kwa tyubu lingekaa chini ndani ya dakika chache. Tumenunua kisanduku cha vile vijiti vya mpira vya kuzibia, kinakaa chini ya kiti.

Changarawe ya kushuka Newala imechuna pembe za kashata chache za nyuma. Ni alama, si majeraha. Tunashuka kwa gia, breki tunazigusa tu, na PSI 45 nyuma tukiwa watupu ilikuwa ngumu mno kwenye mawimbi ya barabara. Kwa 30 gari lilishika.

Januari

Mvua zimekaza. Tope la juu ya uwanda halikutusumbua. Chini yake kuna sakafu, matairi yanaifikia.

Bonde la udongo mweusi kwenye njia ya Liwale lilikuwa jambo jingine. Kashata zilijaa ndani ya mita chache, gurudumu likawa duara laini la udongo. Tulirudi nyuma, tukalala Nachingwea, asubuhi ya pili jua lilipolikausha tabaka la juu tukavuka kwa 22. MT zingevuka jioni ile, nalisema wazi. Mtu anayeishi ng'ambo ya bonde kama lile, na ana wagonjwa wa kupeleka hospitali usiku, hesabu yake ni tofauti na yangu, na achukue MT bila kusita, apunguze tu mwendo kwenye lami iliyoloana.

Februari

Nimepima kina cha kashata kwa geji. Ya nyuma yamelika kidogo zaidi ya milimita moja, ya mbele chini ya hapo, na yote yamelika sawa kutoka bega hadi bega, ushahidi kwamba upepo na rimu vinakubaliana. Vile vijiti vya kikomo vilivyofichwa mferejini, vinavyojitokeza ikibaki milimita 1.6, viko mbali sana. Mimi sitasubiri huko, kwa barabara hizi nitayatoa yakifika 4.

Leo tumeyazungusha, na spea imeingia kazini nyuma kushoto. Tano zikizunguka zinalika pamoja, na siku ya dharura ile inayotoka chini ya bodi ina kimo sawa na nyingine, transfa haitapata shida.

Jirani mwenye Defender amechukua karatasi ya mahesabu. Rimu zake zina inchi sita na nusu, hahitaji kubadilisha. Jumatatu tunampeleka kwa yule mama wa mzani.